Dona Quirina na Fundo la Mama wa Rozari

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Kahawa mnayo? Yangu imepoa hapa mezani na sijaigusa. Leo mtaisikia sauti yangu haijatulia. Mnivumilie.

Dona Quirina amefariki. Nasema tena, kwa aliyechelewa kufungua redio au aliyekuwa uani anawamwagia kuku mahindi. Dona Leocádia Quirina do Rosário, sonara wetu wa hapa Cascalho Velho, amefariki juzi Jumatatu. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Ni moyo. Zulmira, binti wa mdogo wake, ndiye aliyemkuta. Alikuwa mezani pake pa kazi, lenzi bado iko jichoni, hereni ya mtoto wa kubatizwa imebanwa kwenye koleo.

Nilipofika pale nyumbani, Zulmira alinishika mikono yote miwili. Akaniambia, "Dalva, shangazi alikuwa amekaa. Umenisikia? Amekaa kwenye kiti. Ndipo nikajua."

Mnaomfahamu mmeelewa. Yule mama hakuwa mtu wa kukaa. Alilehemu akiwa amesimama. Alikula amesimama, sahani mkononi, anatazama barabarani. Masikio yangu haya alinitoboa yeye nikiwa na miezi sita, alipokuja likizo huku, na mama yangu anasema alinitoboa la kushoto, akatoka kwenda kuangalia kama basi limefika, akarudi kunitoboa la kulia. Mimi katikati nalia.

Tumemzika jana, wasikilizaji. Na kesho, Alhamisi, saa tatu asubuhi, alikuwa asimame mbele ya hakimu. Shauri la Udugu wa Rozari, chama chetu cha kanisani, la kulidai fundo letu la dhahabu linasikilizwa kesho. Shahidi tulikuwa naye mmoja tu. Ni yeye. Sasa mnaelewa kwa nini kahawa yangu imepoa.

Nitawasimulia maisha yake. Na ndani yake nitasema jambo moja ambalo wakili wa Udugu amenisihi nisiliseme. Dona Quirina alinisimulia mwenyewe mwaka 2018, hapa hapa studioni, nikamrekodi. Alipomaliza akasema, "Hilo utalitoa nikishakufa. Tena kabla sijapoa, Dalva, maana wewe nakujua, unapenda kuchelewesha mambo." Nikamuuliza kwa nini lisemwe. Akajibu, "Wasije wakanifanya mtakatifu."

Twendeni mwanzo.

Alizaliwa mwaka 1942, nyumba ya tatu ukivuka daraja. Baba yake alichekecha dhahabu mtoni kwa karai la mbao. Mama yake alifariki mapema, akimzaa Adauto, mdogo wake Quirina. Watoto hao wawili walilelewa na bibi yao, Tomásia. Na Tomásia alikuwa sonara. Hakuwa na duka wala kibao mlangoni. Alikuwa na meza karibu na dirisha, na wanawake wa mji huu waliingia na mikufu iliyokatika wakatoka nayo mizima.

Kazi nyingine ya Tomásia ilikuwa kulitunza fundo. Kwa vijana ambao hawajawahi kuliona: ni pambo la kifuani, kubwa kama kiganja, lenye umbo la utepe uliofungwa. Limetengenezwa kwa dhahabu ya mto wetu huu, chembe kwa chembe. Mawe yake ni ya milima hii hii, topazi na yale madogo ya manjano yanayovuta kijani. Upande mmoja wa fundo ni mfupi kuliko mwingine. Wazee wetu wanasema aliyelitengeneza ni Ventura, mtumwa wa machimboni, enzi ile mfalme wa Ureno alipowafukuza masonara wote milimani kwetu, ili dhahabu yote iende kwake. Ventura alifua dhahabu ndani ya kibanda cha kukaangia unga wa mihogo, moshi wake ufichwe na moshi wa mihogo. Dhahabu ikamwishia kabla hajamaliza, ndiyo maana upande mmoja ukawa mfupi. Alimtengenezea mke wake, Rosa Inácia. Siku Rosa Inácia alipopata uhuru, alilivua akaivika sanamu ya Bikira Maria, Mama wa Rozari, kanisani.

Kuanzia hapo lilikuwa la Mama. Kila Oktoba, siku ya sikukuu, Tomásia alilisafisha kwa brashi kavu. Kavu, narudia. Maji hayakuruhusiwa kuligusa. Kisha akalibandika kwenye kifua cha sanamu, na ngoma za kongado, ngoma zetu za maandamano, zikaanza.

Mwaka ni 1951. Quirina ana miaka tisa, Adauto ana sita. Mwezi wa Mei gari linasimama mlangoni kwa Tomásia. Anashuka Dona Hermengarda, mke wa Kanali Teodomiro Vasques. Kanali huyo ndiye aliyekuwa na shamba, ng'ombe, na karibu kila paa mnaloliona ng'ambo ya mto. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi.

Yaliyosemwa pale nayatoa kwenye mkanda wa Dona Quirina, neno kwa neno.

"Yule mama hakuingia ndani," anasema. "Alisimama kizingitini. Akasema, 'Tomásia, Mama wa Rozari atatuazima lile fundo siku tatu tu. Binti yangu akishaolewa utalipata, ulisafishe mwenyewe kama unavyopenda.' Mimi nimeshika sketi ya bibi. Wewe Dalva, ungesema hapana kwa mdomo upi? Nyumba ya Kanali. Kisima cha Kanali. Hata njia ya kwenda kanisani ilipita shambani kwa Kanali. Bibi aliingia ndani, akalikunja kwenye kitambaa cheupe, akamkabidhi."

Siku tatu zikapita. Ikapita wiki. Ukapita mwezi. Tomásia akaenda shambani, akaambiwa bibi mwenye nyumba amesafiri. Akaenda tena, akaambiwa amelala. Akaenda mara ya tatu, akafunguliwa mbwa.

Oktoba ikafika. Mama wa Rozari akatoka kanisani kifua kitupu.

Na hapo, wasikilizaji wapendwa, mji huu ukafanya kitu ambacho hatupendi kukikumbuka. Hakuna aliyethubutu kwenda kwa Kanali. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Tomásia ameliuza. Tomásia ameliuza fundo la Mama. Maneno yalianzia wapi, hakuna aliyejua. Kwenye maandamano alikuwa akitembea mbele na wazee wa Udugu. Mwaka uliofuata waliweka mtu mwingine mahali pake. Mteja akipita dirishani kwake, anatazama upande wa pili.

Aliishi miaka sita tena. Katika miaka hiyo sita alimfundisha Quirina kila kitu. Kuvuta uzi wa dhahabu hadi uwe mwembamba kama unywele. Kulehemu kwa kupuliza mrija. Kubana jiwe lisicheze. Dona Quirina alisema bibi alifundisha kama mtu anayefungasha mizigo huku gari linamsubiri. "Akinipa koleo, ananinyang'anya kabla sijamaliza. 'Hivyo sivyo! Haraka! Tena!' Mimi nilidhani ana hasira na mimi."

Tomásia alifariki mwaka 1957. Mazishini kwake walikuja watu kumi na mmoja. Quirina aliwahesabu.

Tangu siku hiyo, binti yule miguu ilimuwasha. Akiwa na miaka kumi na tisa alipanda lori la magunia akaenda Belo Horizonte. Akapata kazi ya kutengeneza vito dukani kwa mzee mmoja Mlebanoni, nyuma kabisa, wateja wasimwone. Alihama nyumba mara saba ndani ya miaka kumi. Aliolewa na Onofre, fundi umeme, mtu mpole. Waliishi pamoja miaka minane. Onofre bado yupo, ana miaka themanini na minne, nimempigia simu jana. Alilia kidogo, kisha akacheka. "Mimi nilioa mke," akaniambia, "nikapata upepo. Nikiamka asubuhi kitanda kimeshahamishwa ukuta wa pili. Lakini mwandikie, binti yangu, kwamba sikuwahi kuchoka naye. Yeye ndiye aliyechoka kusimama mahali pamoja."

Nimekuandikia, mzee Onofre. Na nimekusomea.

Sasa mwaka 1983. Dona Quirina ana miaka arobaini na moja. Mvua imemkuta mjini bila mwavuli, akaingia kwenye makumbusho yaliyokuwa karibu, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Akapita vyumba viwili vya viti vya kale. Chumba cha tatu, ndani ya kioo, juu ya kitambaa cha bluu, liko fundo.

Upande mmoja mfupi.

Kibao chake kilisema: Pambo la kifuani, kazi ya Ureno, zawadi ya familia ya Vasques.

Mlinzi wa chumba hicho aliitwa Wantuil. Alikuja kuwa rafiki yake mkubwa, na Wantuil alipofariki, Dona Quirina ndiye aliyemchagulia suti ya kuzikwa nayo. Lakini siku hiyo ya kwanza alimwona mama mmoja aliyelowa chapachapa, paji la uso ameligandisha kwenye kioo.

"Mama, kioo kinachafuka."

"Hili ni letu."

"Ni letu sote, mama. Ni makumbusho ya umma."

"Hujanielewa, baba. Hili ni letu. Lilitoka nyumbani kwetu limekunjwa kwenye kitambaa. Mimi nilikuwepo."

Wantuil akatazama huku na huku, akamwambia taratibu, "Basi usipige kelele. Ukipiga kelele watanituma nikutoe, na mimi mgongo unaniuma."

Alirudi mwezi uliofuata. Akarudi uliofuata tena. Kwa miaka zaidi ya thelathini, wasikilizaji, alikwenda kulitazama kila mwezi. Aliandika barua. Alipata kuonana na mkuu wa vito wa makumbusho wa wakati huo, Daktari Peixoto, msomi aliyevaa tai hata siku za joto. Daktari alimsikiliza, hilo tumpe. Alimpa na kiti, naye hakukaa.

"Dona Quirina," alimwambia, "kazi nzuri namna hii haikufanyika huku. Mfalme alipiga marufuku masonara. Waliobaki walikuwa watumwa wasio na vifaa. Wewe una karatasi? Hati, orodha, sahihi ya fundi, chochote?"

"Daktari," akajibu, "mtu aliyekatazwa kufanya kazi ataacha sahihi?"

"Basi sina la kukusaidia."

"Na familia ya Vasques ilileta karatasi gani?"

Daktari akaangalia saa yake.

Dona Quirina akaanza kutafuta ushahidi. Akiwa na miaka hamsini alijifunza kusoma mwandiko wa kale, yale maherufi yanayojikunja kama mizizi, akashinda kwenye nyaraka za parokia hadi akapata chafya isiyokwisha. Alimpata Rosa Inácia kwenye kitabu cha ubatizo. Ventura hakumpata. Mwaka 1996 gazeti moja la Belo Horizonte liliandika habari zake, na ndani yake likaandika jina la bibi: Tomásia, aliyeshutumiwa na mji wake.

Gazeti hilo lilipofika hapa, mdogo wake Adauto alilichana. Adauto hakuwahi kuondoka Cascalho Velho, alikuwa seremala, mnamjua, milango ya nusu ya mji huu ni yake. Alimpigia dada yake simu kutoka duka la dawa, na waliokuwepo walisikia.

"Mwache bibi apumzike! Amekufa! Watu wameshasahau, wewe unawakumbusha!"

"Hawajasahau, Adauto. Wamenyamaza tu."

"Basi na wewe nyamaza! Maisha yako yote unakimbia kimbia na maiti begani!"

Akakata simu. Kuanzia siku hiyo hawakusemezana. Dona Quirina alistaafu akarudi hapa mwaka 1999, akajenga karakana yake hatua arobaini kutoka kwa Adauto. Hatua arobaini. Hawakusemezana. Akipita kaka mtu, dada mtu anapuliza moto. Akipita dada, kaka anapiga randa. Zulmira ndiye aliyebeba salamu ambazo hakuna aliyezituma. "Nilikuwa nazitunga mwenyewe," ameniambia. "Shangazi, baba anakusalimu. Baba, shangazi anauliza mguu unaendeleaje. Wote walijua naongopa. Wote waliitikia."

Sasa nafika pale ambapo wakili hataki nifike.

Mwaka 2009 Daktari Peixoto alikuwa ameshastaafu, na mahali pake palikuwa na mama mwingine, Ivone Sakamoto. Wakati wa kusafisha, jiwe moja la fundo lililegea. Vikombe vinavyoshika mawe ya zamani huzibwa nyuma kabisa kwa dhahabu, na Dona Ivone alitafuta mji mzima mtu wa kuvishughulikia bila kuviharibu. Wantuil akamwambia, "Mtu yupo. Anakuja kila mwezi. Ila ukimpa, ujue umempa mwenyewe."

Akaitwa. Miaka hamsini na minane baadaye, Dona Quirina akalishika fundo mkononi.

Akaling'oa lile jiwe lililolegea. Akatazama ndani ya kikombe chake. Akacheka kwa sauti, Dona Ivone akaogopa.

Ureno, wasikilizaji, sonara mwenye jiwe hafifu aliweka chini yake bati jembamba la fedha lililopakwa rangi, jiwe liwake. Ventura hakuwa na bati. Chini ya jiwe kulikuwa na kipande cha gamba la mbawakawa, yule wa kijani anayeng'aa kama chupa, anayegonga taa zetu kila mwezi wa Novemba. Amekatwa kwa duara, amelazwa, amefunikwa na jiwe. Miaka zaidi ya mia mbili yuko pale na bado anawaka. Ndiyo sababu Tomásia alikataza maji. Maji yangemwozesha.

"Bibi alinifundisha hili," Dona Quirina akamwambia Ivone. "Jiwe likiwa maji maji, halina rangi, mtafute mbawakawa. Nilidhani ni umaskini wetu tu."

Dona Ivone alitoka mbio kwenda kutafuta mpiga picha. Alimwacha Dona Quirina peke yake na fundo. Na mlango alikuwa ameuacha wazi.

Sasa nasikiliza mkanda, nanyi sikilizeni maneno yake.

"Sikuamua, Dalva. Miguu iliamua. Nililibandika ndani ya blauzi, nikachukua mkoba, nikatoka. Nikashuka ngazi. Wantuil alikuwa likizo. Mlinzi mwingine akanipungia mkono. Nikatembea hadi kituo cha basi. Mawe yananichoma kifua, moyo unapiga kama ngoma ya kongado. Basi likaja. Limeandikwa Mariana, ukifika mji ule huku ni karibu. Dereva akasema, 'Unapanda, mama?' Nikaweka mguu mmoja."

Hapa kwenye mkanda anasikika akitembea studioni. Nilimwomba akae, hakukaa.

"Nikamwona bibi. Si mzimu, usinicheke. Niliuona uso wake kwenye ile Oktoba, watu wanapita wanageuza macho. Nikajiambia: Quirina, ukifika nalo nyumbani watasema nini? Watasema mjukuu wa Tomásia ni mwizi. Kumbe ni ukoo. Nitakuwa nimemzika mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu. Nikautoa mguu. Dereva akanitukana."

Alirudi. Alikuwa ametoka kwa dakika ishirini hivi. Dona Ivone alikuwa amesimama juu ya ngazi, mweupe kama karatasi, peke yake. Hakuwa amemwita mlinzi. Hakuwa amewapigia polisi.

Akamuuliza, "Ulikwenda kunywa kahawa?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa nzuri?"

"Mbaya. Imenichoma."

Dona Ivone akamfungulia mlango, Dona Quirina akalitoa blauzini, akaliweka juu ya kitambaa, akaendelea na kazi. Hawakulizungumza tena. Dona Ivone amestaafu sasa, na jana alikuja mazishini. Nilimuuliza kama niseme. Akasema, "Sema. Mimi ndiye niliyeacha mlango wazi. Na mpaka leo sijui kama nilisahau."

Nimeshasema. Wakili, nisamehe.

Mtaalamu wa wadudu wa chuo kikuu alithibitisha: mbawakawa yule anapatikana kwenye milima hii, Ureno hayupo. Mwaka 2011 kibao kikabadilishwa. Kikasomeka: kazi ya sonara asiyejulikana, Cascalho Velho. Dona Quirina alikisoma, akasema, "Anajulikana. Anaitwa Ventura." Na mstari wa chini ulibaki vile vile: zawadi ya familia ya Vasques.

Zawadi. Neno hilo lilimnyima amani kuliko kibao cha kwanza. Mwaka 2016 makumbusho yalituazima fundo kwa sikukuu, siku moja, na walinzi wawili. Mnakumbuka. Tulilia sote. Dona Quirina alimbandika Mama fundo kwa mkono wake. Saa kumi na moja jioni gari likaliondoa, naye akalifuata kwa miguu mpaka darajani. Adauto siku hiyo alifunga madirisha, hakutoka. Tukamsema sana.

Mwaka jana Udugu ukafungua shauri. Wakili alieleza wazi: ili mahakama ikubali kwamba fundo liliazimwa na halikutolewa zawadi, anahitajika mtu aliye hai aliyekuwepo lilipochukuliwa. Mkanda wangu peke yake hautoshi. Dona Quirina akanunua gauni jipya la kahawia. Kuanzia Januari alikuwa akiniuliza, "Bado siku ngapi?" Jumatatu hii aliyofariki, zilikuwa zimebaki siku tatu.

Wasikilizaji wapendwa, kipindi hiki nilikuwa nimekiandika kiishie hapo. Leo saa moja asubuhi mlango wa kituo ukagongwa. Alikuwa Mzee Adauto. Ana miaka sabini na minane, kofia ameishika kwa mikono miwili. Nilimpa maikrofoni akaikataa. "Sema wewe, binti," akaniambia. "Mimi nitaharibu." Kwa hiyo nasema mimi, kwa ruhusa yake, naye amekaa hapa mbele yangu.

Siku ile ya Mei mwaka 1951, Adauto pia alikuwepo. Alikuwa chini ya meza ya bibi, anacheza na vipande vya waya. Alisikia kila neno. Siku tatu tu. Alisikia.

Wiki ile ile, dereva wa Kanali alileta blanketi la sufu, jekundu, shukrani ya mke wa Kanali kwa kuazimwa. Tomásia hakulitaka, akalitupa pembeni. Adauto alikuwa na miaka sita na hakuwahi kuwa na blanketi jipya. Alilibeba hadi shuleni amejifunika, akawaringia wenzake.

"Waliniuliza umelipata wapi," amenieleza. "Nikasema, bibi amempa Kanali fundo, Kanali ametupa blanketi. Nilisema hivyo, Dalva. Kwa mdomo wangu. Mtoto mmoja akaenda kumwambia mama yake. Oktoba ilipofika, kinywani mwa watu bibi alikuwa ameuza."

Nilimuuliza, "Na Dona Quirina alijua?"

"Hapana. Yeye miaka yote anatafuta nani alianza yale maneno. Nilipoona gazeti niliona atanifikia. Kila alipokaribia, mimi nilikasirika. Ni rahisi kukasirika."

"Hukumwambia kamwe?"

Akageuza kofia. "Jana nimemwambia. Nilibaki nyuma mlipotoka kanisani, nikamwambia kwenye jeneza. Yote. Blanketi, shule, yote. Hakunijibu. Maisha yake yote, Quirina hajawahi kuniacha bila kunijibu."

Hapo fundi mitambo akatugongea kioo kwamba tunakaribia kuwa hewani.

Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Zulmira, kwa mzee Onofre kule Belo Horizonte, kwa Udugu wa Rozari, na kwa Mzee Adauto. Mungu ampokee Dona Quirina, na kama huko kuna kiti, wasimlazimishe. Na pole nyingine, iliyochelewa miaka sitini na sita, iende kwa Tomásia. Mazishini kwake, mji mzima huu, tulikwenda watu kumi na mmoja. Mji huu unamdai nini Kanali tutajua mahakamani. Tomásia anatudai sisi. Leo kila mmoja, akiwa anaosha vyombo au anakamua ng'ombe, ajiulize nyumbani kwao walisema nini mwaka ule. Na kama una neno la kumwambia mtu, naye yuko hatua arobaini kutoka kwako, usisubiri awe mahali ambapo hatajibu.

Tangazo la mwisho. Nimezungumza na wakili sasa hivi, wakati wa wimbo. Mtu aliyekuwa chini ya meza ni shahidi. Nasema tena: Mzee Adauto ni shahidi. Mahakamani watamuuliza habari za blanketi mbele ya watu, naye anajua, na anakwenda. Zulmira anaondoka naye kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri, mbele ya kanisa. Gari limebakiza nafasi tatu. Moja nimeichukua mimi.